Uji wa Saa Nane Mchana

Mama akiingia zahanati na mtoto anayehara, maswali ya kumuuliza yanajulikana: ameanza lini, anaenda choo mara ngapi, kuna damu, anatapika, bado ananyonya? Nayauliza yote mpaka leo. Ila miaka niliyofanya uuguzi huku Mbagala imenizoesha kuongeza swali moja ambalo halipo kwenye mwongozo: "Mama, ukitoka asubuhi mtoto unamwacha na nani?"

Mama wa huku hashindi nyumbani. Alfajiri yuko Feri anagombania samaki, au amebanwa kwenye daladala ya Kariakoo, au yuko barabarani na meza yake ya vitafunwa. Mtoto wa miezi minane amebaki na dada wa kazi, au na bibi aliyeitwa kutoka mkoani aje kusaidia kulea, au na kaka yake wa darasa la pili aliyerudi shule saa sita. Na sisi elimu yote tunammwagia mama. Siku ya kliniki tunasimama mbele ya mabenchi, tunasema naweni mikono, chemsheni maji, funikeni chakula. Akina mama wanaitikia "ndiyo nesi", watoto wanapimwa uzito, watu wanaondoka. Anayemlisha mtoto mchana kutwa hajasikia hata sentensi moja.

Ukifungua rejesta ya watoto wagonjwa utaona kuhara kunazidi mtoto akishatimiza miezi sita, kunaendelea hivyo mpaka karibu miaka miwili, halafu kunapungua. Mtaani jibu lipo tayari: anaota meno. Ni kweli meno yanaota kipindi hichohicho, lakini jino halimharishi mtu. Kuna mambo matatu yanayokuja kwa mpigo. Kinga aliyotoka nayo tumboni mwa mama imeshaanza kwisha. Ameanza kula, kwa hiyo sasa kuna bakuli, kijiko, maji na mikono ya watu wengine. Na ameanza kutambaa. Anachokiokota sakafuni, kiwe kizibo cha soda au kinyesi cha kuku, kinakwenda mdomoni, na zaidi fizi zikimuwasha. Mama akishaambiwa ni meno, anasubiri yaote. Mtoto wa kilo nane anayehara mfululizo anaweza kukaukiwa maji ndani ya siku moja.

Nilianza kwenda majumbani kwa sababu nilikuwa naona watoto walewale wanarudi. Nyumba moja ndiyo iliyonifungua macho. Mtoto wa kike, miezi tisa, mama yake anauza mitumba. Nyumba safi kabisa: sakafu imepigwa deki, vyombo vimeanikwa juu ya kichanja, ndoo ya maji ya kunywa ina kifuniko na kata yake pembeni, maji yanachemshwa kila jioni. Bwana afya angepita hapo asingekuwa na la kuandika. Nikaomba nione chakula cha mtoto. Dada akaniletea chupa ya chai, zile zenye maua mekundu.

Uji wa lishe ulikuwa humo tangu saa kumi na mbili asubuhi. Mama anaupika mwenyewe kabla hajatoka, anajaza chupa, na dada anammiminia mtoto kidogokidogo mpaka jioni. Muda huo ilikuwa saa nane imepita. Nilipofungua, uji ulikuwa vuguvugu tu na harufu yake imeanza kugeuka. Nikakipindua kile kizibo. Kwenye mpira unaozunguka ndani, uji wa jana na juzi ulikuwa umekaukia, pengine umeota weusi. Chupa yenyewe ilikuwa inasuuzwa kwa maji baridi na kutikiswa, maana mkono hauingii.

Chupa inatunza joto la chai, sawa. Lakini uji uliofunguliwa na kufungwa mara nne tano, ikifika mchana una joto la mwili wa mtu, na hilo ndilo joto ambalo bakteria wa tumboni wanastawi nalo. Shirika la Afya Duniani linafundisha kwamba chakula kilichopikwa kikae kwenye moto wa zaidi ya nyuzi 60, au kiwekwe kwenye ubaridi wa chini ya nyuzi 5, na kisiachwe katikati ya hapo kwa zaidi ya saa mbili. Halafu wapo bakteria ambao mbegu zao hazifi uji unapochemka. Zinavumilia moto, joto likishuka zinachipua na kuzaana. Ndiyo maana mama anayeniambia "lakini nesi, si niliuchemsha" anasema kweli, na mtoto bado anaharishwa na uji huohuo.

Kusema "mpikieni uji mpya kila mara" hakugharimu kitu ukiwa umevaa gauni jeupe. Mkaa je? Nani atawasha jiko kwa ajili ya kikombe kimoja wakati ana beseni la nguo linamsubiri? Ushauri usioijua bei ya mkaa mimi siutoi tena. Siku ile tulikaa na dada kwenye kile kigoda chake tukapiga hesabu ya jiko. Kumbe kabla ya jioni jiko linawashwa mara mbili tu: alfajiri mama anapopika uji, na saa saba dada anapopika chakula chake. Basi uji wa asubuhi mtoto anywe ukiwa wa moto, unaobaki anywe dada mwenyewe. Saa nne apewe ndizi mbivu, imenywe na kupondwa palepale kwa kijiko, au parachichi. Tunda linalomenywa muda huohuo halina historia ya kukaa. Saa saba mtoto achotewe kwenye sufuria ya dada kabla pilipili haijaingia: viazi, wali, maharage yaliyopondwa vizuri. Jioni mama kasharudi. Chupa ya chai tukaiachia chai.

Tulipomaliza, dada akaniuliza kwa kunong'ona, "Nesi, na togwa je?" Binti wa Songea. Kwao uji ukishaiva unaachwa upoe, unatiwa kimea, yaani unga wa nafaka iliyooteshwa, unalala usiku kucha mpaka unachachuka. Bosi wake alikuwa amemkataza, akamwambia mambo ya kijijini ayaache stendi. Jioni nilimsubiri mama nikamwambia dada yako ana akili. Uji uliochachushwa vizuri una ukali ambao bakteria wengi wa kuhara hawauwezi, na kile kimea kinaulainisha, kwa hiyo unaweza kuweka unga mwingi kwenye uji ambao mtoto bado anaumeza. Watafiti wa lishe walilifuatilia jambo hili hapahapa Tanzania miaka ya 1990, wakakuta watoto wanaopewa uji wa kuchachushwa wanahara mara chache kuliko wenzao. Kimea chenye ukungu kitupwe, chombo kisafishwe kwa maji ya moto, na yote hayo ni kwa mtoto aliyetimiza miezi sita. Kabla ya hapo ni ziwa la mama peke yake, hata maji hapewi.

Bibi naye ana mambo yake. Kalea watoto saba, wewe nesi unamfundisha nini? Mtoto akihara na mwili ukachemka, bibi anamfungua kinywa, anapitisha kidole kwenye fizi, anagusa uvimbe mweupe, na ugonjwa umeshajulikana: meno ya plastiki. Mtaani hakosekani wa kuyang'oa, kwa spoku ya baiskeli au wembe. Anachokitoa kweli ni cheupe na laini, anawaonyesha kiganjani, watu wanaguna. Zile ni chonge za mtoto ambazo bado hazijakomaa. Nimepokea watoto waliofanyiwa hivyo: fizi kidonda kitupu, damu imepungua, kunyonya hawawezi kwa maumivu, na kuhara kuko palepale. Hapo sijataja pepopunda, wala VVU, kwa kifaa kilichotoka kwenye kinywa cha mtoto mwingine.

Ukimwambia bibi ni ushamba, umempoteza, na mtoto anapelekwa wewe ukiwa umegeuza kisogo. Mimi nasalimia shikamoo, nakaa mkekani alipokaa, naomba tumwangalie mtoto wote wawili. Nauchukua mkono wake tunagusa fizi pamoja. "Bibi, chonge si inatokea hapa? Hata ya mama yake ilitokea hapahapa." Wengine wanacheka, wengine wananiangalia tu. Halafu nampa kazi, na hapo ndipo ninapompata. ORS, yale maji ya chumvi na sukari ya kumrudishia mtoto maji mwilini, haitaki mtu mwenye haraka. Mtoto wa chini ya miaka miwili anahitaji mililita 50 mpaka 100 kila akiharisha, yaani robo mpaka nusu ya kikombe, na anywe kwa kijiko, kidogokidogo, kila baada ya dakika moja au mbili. Akitapika unasubiri dakika kumi, unaanza tena taratibu zaidi. Mama aliyechoka na biashara anakata tamaa kwenye tapiko la kwanza. Bibi anaweza kukaa hapo kuanzia adhuhuri mpaka magharibi huku anamwimbia.

Na kazi hii haikuanza mikononi mwa manesi. Mwaka 1971, vita ya Bangladesh ilipowakimbiza mamilioni ya watu kuingia India, kipindupindu kililipuka makambini na dripu zikaisha. Daktari Dilip Mahalanabis, aliyekuwa Bongaon karibu na mpaka, aliamua kuchanganya chumvi na sukari kwenye maji safi na kuwaachia ndugu wa wagonjwa wawanyweshe wenyewe. Mahali ambapo walikuwa wakifa karibu 30 katika kila wagonjwa 100, vifo vilishuka chini ya 4. Ni ndugu wenyewe waliofanya kazi ile.

Siri yake iko kwenye utumbo. Hata unapohara, ukuta wa utumbo bado unajua kupitisha sukari, na sukari humshika chumvi mkono wakaingia wote, maji yakafuata nyuma. Ndiyo maana kipimo hakina mzaha. Ukitia pakiti ya lita moja kwenye chupa ya nusu lita, umemtengenezea mtoto maji ya chumvi yatakayomzidishia kiu na hatari. Ukiitia kwenye chupa ya lita moja na nusu, imepooza. Pakiti imeandikwa, lakini dada asiyejua kusoma ataijuaje? Kwa hiyo simwambii mtu "lita moja", namwonyesha chombo cha nyumbani kwake. Chupa ya maji ya lita moja tunaichora mstari. Ikikosekana, chupa mbili za bia za nusu lita ni lita kamili, ingawa kuna nyumba hapa nikitaja chupa hizo naangaliwa vibaya. Pakiti zikiisha kabisa, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazisha, kwenye lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa. Mchanganyiko ukilala, asubuhi umwage utengeneze mwingine. Soda na juisi za pakiti hazifai, sukari yake nyingi inavuta maji utumboni na kuongeza kuhara.

Baba akitumwa duka la dawa, mara nyingi anarudi na kila kitu isipokuwa ORS. Anarudi na metronidazoli ya maji, ambayo ni antibiotiki, na vidonge vya kufunga tumbo ambavyo mtoto mdogo hatakiwi kabisa kupewa. Kuhara kwingi kwa watoto kunaletwa na virusi, na antibiotiki haiviui. Choo chenye damu ni suala jingine, hicho kina dawa yake na kinaandikiwa zahanati. Kinachotakiwa kuambatana na ORS ni zinki, miligramu 20 kwa siku, au nusu yake kwa mtoto wa chini ya miezi sita, kidonge kinayeyushwa kwenye kijiko cha maji au maziwa ya mama. Siku kumi mpaka kumi na nne. Akina mama wengi wanakiacha siku ya tatu, choo kikishashika. Nawaelewa, mtoto kapona, dawa ya nini? Ila faida yake nyingine ni ya mbele: zinki inapunguza uwezekano wa kuhara tena kwa miezi miwili mitatu inayofuata. Nikilieleza hivyo, wauza mitumba wananielewa upesi, kwa sababu kila siku ya kuuguza ni siku ya meza kufungwa.

Kuna neno ambalo mama halisemi mbele ya mabenchi. Mtoto akihara wiki nzima akakonda, ukweni wanasema amebemendwa: wazazi wamerudiana mapema wakati mtoto ananyonya, au mmoja wao ametoka nje ya ndoa. Mama anaona aibu, anamfunika mtoto khanga hata kwenye joto la Januari, kliniki haji, anaogopa mizani isije ikamshitaki. Nimejifunza kulitaja mimi kwanza, faraghani, kwa sauti ya kawaida, ili asilazimike kulibeba peke yake. Kukonda baada ya kuhara kunaeleweka. Utumbo uliojeruhiwa haunyonyi chakula vizuri, na juu yake mtoto ananyimwa chakula "tumbo lipumzike". Mwili unadhoofu, kinga inashuka, anahara tena. Dawa yake ni kuendelea kumnyonyesha na kumlisha akiwa mgonjwa, kidogo lakini mara nyingi, na kumwongezea mlo mmoja kwa siku kwa wiki mbili akishapona. Mama mkwe akiwepo, namwambia haya na yeye.

Chanjo nayo ina maneno yake. Ya rotavirusi, kirusi cha kuhara, iliingia kwenye ratiba yetu Januari 2013, matone mdomoni, wiki ya sita na ya kumi. Sisi tuliokuwepo kabla tunakumbuka miezi ya Juni mpaka Agosti, watoto wawili kitanda kimoja, choo cha maji matupu na kutapika. Hali hiyo imepungua sana. Bado mama ananijia, "Mbona kachanjwa na anahara?" Namjibu kwamba chanjo inamkinga na kirusi kimoja, tena kile kikali kuliko vyote kwa watoto wadogo. Kizibo cha chupa ya chai hakina chanjo.

Kinyesi cha mtoto nitakisemea kwa ufupi kwa sababu hapa huwa nakasirika. Watu wanasema hakina madhara kwa kuwa mtoto ananyonya tu. Kina vijidudu vilevile, pengine zaidi. Pampasi inafungwa kwenye mfuko na kutupwa bondeni, mvua ya masika inairudisha uani, na kisima kiko hatua chache. Kinyesi kimiminwe chooni kwanza, ndipo pampasi itupwe. Aliyemsafisha mtoto anawe kwa sabuni kabla hajashika kingine chochote. Kibuyu chirizi kwenye mlango wa choo kinatosha, dumu la lita tano, kamba na kijiti cha kukanyaga; sabuni itobolewe na kuning'inizwa, la sivyo inaibiwa na watoto wenyewe. Ikiisha, majivu.

Siku hizi nawaomba akina mama waje kliniki na anayeshinda na mtoto. Wachache wanakubali, maana nyumba itabaki na nani. Lakini mabinti wanaokuja wanauliza maswali ambayo sikuwahi kuulizwa na mama yeyote. Mmoja alisimama akauliza, "Uji ukiharibika nikaumwaga, mama akirudi si atasema namaliza unga?" Benchi zima likanyamaza. Nikawageukia waajiri, nikawaambia hilo ni lenu, mjibuni. Mmoja akasema umwage. Mwingine akasema umwage, ila uniambie, usije ukawa unaumwagia tumboni mwako. Tukacheka, na kazi ikafanyika.

Kwa anayeshinda na mtoto, haya ndiyo ninayomkaririsha, hata kama hajui kusoma. Macho yameingia ndani. Utosi umebonyea, usiupake dawa, ni ishara ya kukaukiwa maji. Ukivuta ngozi ya tumbo ukaiachia, inarudi polepole. Amelegea, haamki vizuri, au hawezi kunywa. Anatapika kila kitu. Kuna damu kwenye choo, au degedege. Kuhara kumefika siku kumi na nne. Lolote kati ya hayo, usimsubiri mama arudi sokoni wala kupambazuke. Namba ya bodaboda iwe imeandikwa ukutani na nauli iwe imeachwa kwenye kopo, mahali ambapo dada anapajua. Njiani aendelee kupewa ORS kwa kijiko kama anaweza kumeza, na kama mama yupo, mtoto awekwe ziwani. Mkifika msikae foleni, nendeni moja kwa moja kwa nesi.